Laptopu yangu imenidai tarakimu 48 nisizozijua: tuelezane la kufanya kabla kompyuta haijakufungia nje

KatibuWaKikoba (mleta uzi)

Wakuu, habari za wakati huu. Nimekaa wiki mbili nikiwaza kama niandike au ninyamaze. Nimeamua kuandika kwa sababu najua humu wapo wengi wenye laptopu zilizo katika hali ile ile ya yangu na hawana habari.

Mimi ni katibu wa kikundi chetu cha kuweka na kukopa, tuko wanachama 27. Hisa, mikopo, marejesho, faini za kuchelewa, vyote vilikuwa kwenye faili moja la Excel ndani ya laptopu ya mtumba niliyonunua Kariakoo. Siku ya kununua, kijana wa dukani alinifanyia kila kitu. Akapiga Windows 11, alipofika pale inapodai akaunti ya Microsoft akaweka anwani yake mwenyewe, "tusipoteze muda, dada", halafu akanigeuzia kioo nichague PIN ya tarakimu nne. Nikachagua. Tangu siku hiyo nafungua kwa PIN ile, wala sikuwahi kujua kwamba nyuma yake kuna nywila, na kwamba nywila hiyo si yangu.

Mwezi uliopita ikaacha kupokea chaji. Fundi akaifungua, akaniambia bodi imeungua, tukaibadilisha. Ikawaka vizuri, feni ikazunguka, nikashukuru Mungu. Badala ya sehemu ya PIN kikaja kioo cha buluu chenye maandishi meupe kinachotaka ufunguo wa kurejesha. Nilihesabu nafasi za kujaza mara mbili: tarakimu 48.

Nikarudi dukani. Siku hizi pale wanauza vipodozi. Nikapiga namba ya yule kijana, akapokea mama mmoja yuko Dodoma, akaniambia kwa upole kwamba laini hiyo ameisajili yeye na mwenye namba wa zamani hamjui, tena si mimi wa kwanza kumpigia. Fundi akasema anaweza kupiga Windows upya, laptopu itafanya kazi, lakini vilivyokuwemo ndani vitafutika vyote. Nililia pale pale kwenye benchi lake.

Kikundi kimeokolewa na mweka hazina wetu, mama wa miaka 60 na ushee, ambaye tangu mwanzo aliandika kila rejesho kwenye kaunta buku kwa mkono wake. Tumekaa sebuleni kwake siku nne tukirudisha hesabu, mstari kwa mstari. Lakini picha za mwanangu alipokuwa mchanga hazikuwa kwenye kaunta buku la mtu yeyote.

Ninachoomba si namna ya kuvunja. Hilo nimeshakubali halipo. Naomba tukusanye hapa: mtu afanye nini leo, wakati laptopu yake bado inafunguka?

FundiBenchi

Pole sana dada. Nipo kwenye kazi hii tangu enzi za Windows XP, na yaliyokupata nayaona mara nyingi kuliko zamani. Sababu yake watu waijue.

Zamani mteja akisahau nywila, nilichomeka flashi, dakika kumi nimeifuta, anaondoka anacheka. Iliwezekana kwa sababu nywila ilikuwa komeo la mlango tu. Diski yenyewe ilikuwa wazi. Siku hizi diski imesimbwa, yaani kila kilichomo kimegeuzwa fumbo. Ukiichomoa ukaitia kwenye kompyuta nyingine utaona takataka tupu. Windows 11 kuanzia toleo la 24H2, ikipigwa upya na mtu akaingia kwa akaunti ya Microsoft, kwenye mashine nyingi usimbaji huo, jina lake BitLocker, unajiwasha wenyewe. Mwenye laptopu hana habari.

Ufunguo wa fumbo hulindwa na chipu inayoitwa TPM, nayo iko kwenye bodi au ndani ya prosesa yake. Ukibadilisha bodi, umeondoka na chipu. Wakati mwingine hata kusasisha BIOS, ile programu ya kwenye bodi inayowasha kompyuta, kunatosha kuishtua. Hapo ndipo inadai zile tarakimu 48. Hakuna fundi, awe wa Kariakoo au wa Dubai, anayeweza kuzikisia. Ukikutana na anayesema anaweza, funga mkoba wako uondoke.

Na mimi najilaumu kwa niaba ya mafundi wenzangu: kabla ya kugusa bodi ya mtu, swali la kwanza liwe "ufunguo wako wa BitLocker unao?" Kama laptopu bado inawaka, mteja autoe kwanza ndipo bisibisi ianze kazi.

Sasa la kufanya leo. Bonyeza kitufe cha Windows, andika cmd, bofya kulia uifungue kwa mamlaka ya msimamizi, kisha andika:

manage-bde -status C:

Ikionyesha diski imesimbwa, andika:

manage-bde -protectors -get C:

Utaletewa makundi nane ya tarakimu sita sita. Ndizo hizo. Andika kwenye karatasi, na juu yake andika herufi nane za mwanzo za kitambulisho cha ufunguo. Kile kioo cha buluu huonyesha kitambulisho hicho, kwa hiyo mwenye laptopu tatu nyumbani atajua karatasi ipi ni ya ipi.

Nakala nyingine huwa kwenye akaunti ya Microsoft, unaipata kwa aka.ms/myrecoverykey. Ila ingia kwenye mipangilio ya akaunti uangalie anwani iliyoandikwa pale ni ya nani. Kama ni ya muuzaji, weka yako leo hii, na nakala ya ufunguo iende kwako.

MwalimuMstaafu

Pole binti yangu. Swali langu kwa fundi: miaka yote tumeambiwa nywila haiandikwi popote, ikae kichwani. Leo unatuambia tuandike kwenye karatasi. Tushike lipi?

FundiBenchi

Shikamoo mwalimu. Mwizi anayetafuta nywila yako mara nyingi yuko mbali, ameshika orodha ya nywila milioni zilizovuja mahali fulani. Huyo hawezi kufungua kabati lako chumbani. Anayeweza kufungua kabati ni wa nyumbani. Kila mtu ajipime anamwogopa nani. Kwa wengi wetu hatari ya kusahau ni kubwa kuliko ya mjukuu kupekua bahasha. Kisichofaa ni kubandika karatasi kwenye laptopu yenyewe, au kuiweka kwenye begi lake. Mwizi akibeba begi amebeba vyote viwili.

HesabuMombasa

Wadau, niko Mombasa, kampuni ndogo ya uwakala wa forodha, mimi ndiye niliyeachiwa kompyuta zote kumi na mbili ingawa kazi yangu ni hesabu. Naunga mkono karatasi kwa mikono yote miwili.

Mnakumbuka tarehe 19 Julai 2024, sasisho bovu la CrowdStrike, kampuni ya ulinzi wa kompyuta, lilipoangusha kompyuta za Windows dunia nzima? Microsoft wenyewe walikadiria mashine milioni 8.5. Dawa ilikuwa kuwasha kila kompyuta kwa njia ya usalama na kufuta faili moja. Kazi ya dakika chache. Lakini zilizokuwa na BitLocker zilidai kwanza tarakimu 48, kila moja za kwake, na mtu akae azichape kwa mkono. Aliyekuwa amezitunza alimaliza siku ile. Asiyekuwa nazo alibaki anakitazama kioo cha buluu.

Sisi halikutugusa, lakini liliniamsha. Nilichapisha funguo zote kumi na mbili, zikaingia kwenye sefu ya mkurugenzi. Halafu kila kompyuta nikaiwekea akaunti ya pili ya msimamizi, ya humo humo ndani, isiyotegemea intaneti wala baruapepe ya mtu. Nywila yake iko kwenye bahasha iliyofungwa kwa lakiri. Mwezi mmoja tu baadaye karani wetu alibadilisha nywila yake Ijumaa jioni, Jumatatu asubuhi hana hata herufi moja kichwani. Nikafungua bahasha, nikaingia kwa akaunti ya pili, nikamwekea mpya, dakika tano akaanza kazi. Meli haingojei karani akumbuke.

Na hayo mambo ya kulazimisha watu kubadilisha nywila kila miezi mitatu, tuyaache. Bill Burr, aliyeandika mwongozo wa taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, mwaka 2003, alikiri mwaka 2017 kwamba anajutia sehemu kubwa ya alichokiandika. Mwaka huo huo NIST ikaacha kupendekeza ubadilishaji wa kila mara bila sababu. Mtu akilazimishwa kubadilisha, huongeza 1 mwishoni, halafu 2, halafu anasahau alifika ngapi.

MtuWaBuja

Amahoro. Mimi niko Bujumbura, nataka kuongeza jambo ambalo mtu wa Dar anaweza asilifikirie: si kila aliyefungiwa nje amesahau nywila. Wengine wanaikumbuka sawasawa ila kibodi inaandika kitu kingine.

Laptopu nyingi za mtumba huku zinatoka Ubelgiji na Ufaransa, na kibodi zake ni AZERTY. A imekaa mahali pa Q, Z mahali pa W, M iko kulia kwa L, na tarakimu za juu hazitoki mpaka ushike Shift. Dada yangu aliweka nywila wakati mpangilio ni wa Kifaransa. Mtoto akacheza nayo, mpangilio ukageuka wa Kiingereza. Vidole vyake vilikwenda palepale vilipozoea, kompyuta ikakataa, akajaribu siku mbili nzima mpaka akaanza kujitilia shaka. Alikuwa karibu kulipa fundi aifute.

Kabla ya kukata tamaa tazameni kona ya chini kulia ya kioo cha kuingilia: kuna herufi zinazoonyesha lugha ya kibodi. Bofyeni pale. Kisha bofyeni kile kialama cha jicho pembeni ya kisanduku mwone mnachokiandika. Dada aliona kitufe cha "a" kinatoa "q", akaanza kulia na kucheka kwa pamoja. Herufi kubwa zikiwa zimewashwa, mtego ni ule ule.

MamaAbdulMuscat

Assalaam alaykum. KatibuWaKikoba, uliposema namba inapokelewa na mtu mwingine nilishtuka, kwani yangu ni hiyo hiyo.

Nimetoka Unguja nikaja Muscat, laini yangu ya nyumbani nikaitia kwenye pochi. Haikuwekwa salio, haikupiga, ikafungwa. Nywila ya Microsoft ikanitoka, nikaomba kuweka mpya, wao wakataka kutuma tarakimu za uthibitisho kwenye namba ile ile iliyokufa. Baruapepe ya akiba niliyoweka ilikuwa ya mpwa wangu, naye alishaisahau. Nilipoomba kubadilisha taarifa zote za usalama kwa pamoja nikaambiwa ningoje siku 30. Nikangoja siku 30, kazi ya tafsiri niliyopewa ikapita kwa mtu mwingine.

Ndugu zangu mlio safarini, kabla hujapanda ndege ingia kwenye akaunti ubadilishe namba. Na chukueni tarakimu za akiba. Google hukupa kumi, kila moja hutumika mara moja. Microsoft hutoa msimbo mmoja wa herufi na tarakimu 25. Hizo hazihitaji laini wala mtandao wa simu, zinahitaji karatasi. Na mkiwasha uthibitisho wa hatua mbili mjue kwamba ile fomu ya Microsoft ya kujieleza ili urudishiwe akaunti haitumiki tena kwenu, kwa hiyo njia za akiba ziwe mbili au tatu, zisiwe moja.

PengwiniArusha

Kwa sisi wa Linux mambo ni mepesi, ila yasipofanywa mapema hayana huruma pia. Diski isiyosimbwa unaifungulia kwenye menyu ya kuwashia na kuweka nywila mpya, hilo halina shida. Iliyosimbwa kwa LUKS, usimbaji wa diski wa Linux, ukisahau nywila, imekwisha.

Uzuri wake ni kwamba LUKS inakubali zaidi ya nywila moja kwa diski ile ile. LUKS1 ina nafasi nane, LUKS2 hadi 32. Kwa hiyo ukiwa bado unaingia, ongeza ya pili, ndefu, ya kwenye karatasi:

sudo cryptsetup luksAddKey /dev/sda3

Badilisha sda3 iwe diski yako. Nyingine ambayo watu wanaisahau: mwanzoni mwa diski kuna kichwa cha LUKS, kidogo sana, ndicho kinachobeba funguo. Kikiharibika, hata nywila sahihi haifungui. Chukua nakala yake kwa amri ya luksHeaderBackup, uiweke kwenye flashi iliyo mbali na kompyuta.

Wa Mac, mna FileVault, usimbaji wa diski wa Apple. Mkiiwasha inaweza kutoa ufunguo wa herufi na tarakimu 24, makundi sita ya nne nne. Kwa karatasi, ushauri ni ule ule.

MwalimuMstaafu

Nimeshawishika na karatasi. Lakini karatasi nayo hupotea. Nimesoma habari za Stefan Thomas, mtaalamu wa kompyuta wa San Francisco, aliyekuwa na bitcoin 7,002 ambazo ufunguo wake uko kwenye kifaa cha IronKey, flashi inayofunguka kwa nywila. Nywila aliiandika kwenye karatasi, karatasi ikapotea. Kifaa kinaruhusu kujaribu mara kumi tu. Ilipoandikwa habari yake Januari 2021 alikuwa ameshajaribu mara nane. Naomba basi karatasi ziwe mbili, nyumba mbili.

Na hiyo ya kichwani tuiundeje ili isisahaulike?

HesabuMombasa

Shikamoo mwalimu. Maneno matano au sita yasiyohusiana, ya Kiswahili, yaliyochaguliwa kwa bahati nasibu. Iko njia ya dadu inaitwa Diceware, ilianza mwaka 1995: unarusha dadu tano, namba inayotoka inakupeleka kwenye neno moja katika orodha ya maneno 7,776. Kama huna orodha, funua kamusi macho yamefumbwa. Yakitoka "kibuyu reli shangazi tope mwanzi", unatunga kichwani kisa cha shangazi aliyevuka reli na kibuyu. Andika mara kumi siku ya kwanza, mara tano kesho yake, vidole vitaishika.

Usitumie methali. Harakaharakahainabaraka imeshawekwa na watu kabla yako, na aliye na orodha ya nywila anaijua. Aya za Qurani na za Biblia vivyo hivyo.

Nywila nyingine zote, za benki na barua, ziingie kwenye programu ya kutunza nywila, kama KeePassXC au Bitwarden. Kichwani ibaki moja ya programu na moja ya kompyuta.

MwalimuMstaafu

Ahsante mwanangu. La mwisho kwangu, mniwie radhi kwa kulitaja. Mdogo wangu alifariki ghafla, na laptopu yake ndiyo iliyokuwa na hati za shamba na orodha ya wadeni wake. Mjane hakujua hata herufi ya kwanza. Tulikaa vikao viwili vya ukoo tukibishana juu ya madeni ambayo marehemu alikuwa ameyaandika vizuri kabisa, sehemu ambayo hakuna aliyeweza kuifikia. Google wana mpangilio wa akaunti isiyotumika, unachagua hadi watu kumi watakaopewa taarifa zako ukikaa kimya kwa muda uliouweka mwenyewe. Apple nao wana mrithi wa akaunti. Lakini laptopu yenyewe hailindwi na hayo. Mwambieni mwenzi wenu bahasha iko wapi. Mwambieni mkiwa wazima.

FundiBenchi

Mwalimu umesema jambo zito.

Niongeze namna ya kuhakiki karatasi ya BitLocker, maana nimeshuhudia mtu anakuja na karatasi yake na bado inakataa. Kila kundi la tarakimu sita lazima ligawanyike kwa 11 bila baki. Microsoft waliliweka hivyo makusudi ili kosa la kunakili lionekane. Mfano wa kubuni: 300806 ukigawa kwa 11 unapata 27346 kamili. Ukiwa umekosea ukaandika 306806, kikokotoo kitakuletea desimali. Chukua simu yako, gawa makundi yote manane. Lenye desimali lina kosa, rudi ulitazame upya kwenye kompyuta.

KatibuWaKikoba

Wakuu, nimerudi. Nawashukuru kutoka moyoni, kila mmoja kwa jina lake.

Kikundi kimenunua laptopu nyingine, ya mtumba vilevile. Safari hii nilikataa kuondoka dukani mpaka akaunti iwe yangu, kwa baruapepe ninayoingia kila siku. Nimeweka akaunti ya pili ya msimamizi. Faili la kikundi nalichukulia nakala kwenye flashi kila baada ya kikao, na flashi inalala kwa mwenyekiti. Kaunta buku linaendelea, hilo hakuna aliyethubutu kupendekeza liachwe.

Karatasi ya ufunguo nimeandika mbili. Moja imebaki kwangu, ya pili nikampelekea mweka hazina jana jioni. Hakuipokea hivi hivi. Alivaa miwani, akachukua kile kikokotoo chake cha vikao, akaanza kugawa kwa 11, kundi moja baada ya jingine, ananisomea jibu kwa sauti. La kwanza kamili. La pili kamili. La tano likaleta desimali. Akarudia mara tatu, desimali ile ile. Tukafungua laptopu tukalinganisha: pale palipokuwa na sifuri mimi nilikuwa nimeandika kitu kinachofanana na sita.

Ameikataa karatasi. Amesema nimwandikie upya kwa kalamu nyeusi, tarakimu kubwa, kila kundi mstari wake. Nimeshaandika, na kesho baada ya kazi nampelekea aigawe tena.